Alinyamaza, Nikatoka Nikasema

Dodoma mjini,
6 Februari 1995

Kwa Bibi Mwantum binti Bashiri,
Kolo, Kondoa.

Shikamoo Bibi,

Hunifahamu. Mimi ni Evelina Kefa, mwalimu wa Uraia kidato cha tatu, na mjukuu wako Hamida yumo darasani kwangu. Hajambo, anakusalimu sana, na mtihani wa mwisho wa mwaka alishika nafasi ya nne.

Bibi, nina shida. Muhula huu nafundisha mambo ya ndoa, na sehemu moja inahusu Wahindi wa mijini, jinsi wazazi wanavyowapangia watoto wachumba siku hizi. Kitabu nilicho nacho kinaeleza vijiji vya Bara Hindi zamani sana. Darasani nina wanafunzi watatu wa Kihindi, wazaliwa wa hapa hapa Dodoma, na sitaki kusimama mbele yao niseme mambo ya kubahatisha. Ndipo Hamida akanyoosha mkono, akasema bibi yake alikuwa yaya na mpishi kwa Mzee Jamnadas wa duka la vitambaa, miaka ishirini na miwili.

Naomba unieleze uliyoyaona kwa macho yako. Mchumba anatafutwaje? Binti anaulizwa, au anauzwa tu kama wanafunzi wangu wanavyosema? Na kama anaulizwa, nani anamuuliza?

Wako,
Evelina Kefa


Kolo,
21 Februari 1995

Mwalimu Evelina,

Marahaba. Ninasema mimi, anaandika Tereza, nesi wa zahanati yetu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengenezee. Mara ya mwisho alimwandikia mdogo wangu kule Zuzu, akaanza na "natumaini u buheri wa afya", mdogo wangu akalia akidhani nimekufa na barua kaandika mtu mwingine.

Niko kwenye mfungo, mate yamekauka, lakini lile neno lako limenipandisha hasira nikasema najibu leo leo. Tereza ananiambia mwenye saumu hakasiriki. Yeye Mkristo, saumu yangu kaijulia wapi.

Kuuzwa. Nani kawaambia hao watoto wako kwamba Mhindi anauza binti? Wamekaa sebuleni kwa nani? Hapa Kolo wanakuja wazungu na magari yao kutazama michoro ya miambani, wakishuka kazi yao kutuuliza, nani alichora, kwa nini alichora. Nitajuaje? Lakini wao angalau wanauliza kwanza. Hao wa kwako wameshajibu.

Sikiliza. Hansa, binti wa Mzee Jamnadas, nilimpokea ana siku tatu, mama yake ana homa hajitambui. Nimembeba mgongoni kwa kanga mpaka pale sokoni wakawa wanasema Mwantum kazaa Mhindi. Kirangi, lugha yetu, alikijua kabla ya Kiingereza. Akivunja kitu kule ndani anakimbilia jikoni kwangu, ananishika nguo, "Yaya, sema wewe." Ndiyo nikawa msemaji wake. Chupa imevunjika, nasema paka.

Alipomaliza shule wakaanza kuleta picha. Picha inakuja kwenye bahasha na karatasi iliyopigwa mashine, huyu kasoma nini, baba yake ana duka wapi, ukoo wao umetoka kijiji gani cha India. Mama anazipanga mezani kama karata. Hansa anatazama, na mimi natazama, tunacheka. Huyu masikio. Huyu kama jino linamuuma. Watatu aliwakataa hapo hapo kwenye picha, akasema simtaki huyu na huyu, na hakuna aliyemgusa hata kwa kofi. Sasa hiyo ni kuuzwa?

Wa nne akaja mwenyewe kwa miguu yake, ametoka Uingereza. Ni mwaka ule serikali ilipochukua majumba, Mzee hali wala halali. Kakonda, suruali anaifunga kwa tai. Huyo kijana aliletwa na mama yake, mjomba wake na shangazi yake. Hansa ndiye anayeleta chai kwa mkono wake, na wale wageni hawatazami chai, wanatazama mkono unatetemeka au hautetemeki. Halafu wakaachwa wawili sebuleni, mlango wazi, na mimi nimewekwa barazani nachambua mchele. Shangazi akaja jikoni anajifanya ana kiu. Kumbe hana kiu. "Yaya, binti ana hasira? Chapati anasukuma mwenyewe? Kuna mvulana amewahi kumwandikia?" Nikamjibu yote. Wao hawaulizi majirani, jirani ana wivu. Wanamuuliza yaya.

Baadaye ndiyo swali lenyewe. Baba hawezi kumuuliza binti yake jambo kama lile, ni aibu, na mama analia kabla hajafungua mdomo. Wakanituma mimi. "Mwantum, ingia ukamuulize." Nikaingia, nikamuuliza, nikatoka na jibu mbele ya wazee wote wamekaa. Harusi ikafanywa siku nne.

Basi andika ubaoni ANAULIZWA. Andika kubwa. Na chini yake andika, aliyemuuliza ni Mwantum binti Bashiri, mtu wa Kolo. Hao watoto wako wafunge midomo.

Ni mimi,
Mwantum binti Bashiri
kwa mkono wa Tereza


Dodoma mjini,
1 Machi 1995

Shikamoo Bibi,

Barua hii anakuletea Hamida mwenyewe, nimemruhusu aje kula Idi na ninyi. Jumatatu awe amerudi, tuna majaribio.

Nilifundisha jana na juzi. Niliandika ubaoni kama ulivyosema, na jina lako chini yake. Darasa lilipenda sana habari za shangazi na maji ya kunywa. Rekha, mmoja wa wale wanafunzi wa Kihindi, akasema siku hizi picha ni mambo ya kizamani, wanatumiana kanda za video. Dada yake alimwona mumewe kwanza kwenye televisheni, anatembea bustanini kule Kanada kama mwigizaji wa sinema, wakapigiana simu miezi mitatu. Hata hivyo mashangazi walikuja vilevile.

Kisha Hamida akasimama. Akasema, "Mwalimu, bibi ametuambia alimuuliza, na ametuambia alitoka na jibu. Hajasema yule dada alijibu nini."

Nikaifungua tena barua yako mbele yao, na kweli sikuliona. Bibi, Hansa alijibu nini? Wasichana wangu wanayataka maneno yake.

Wako,
Evelina Kefa


Kolo,
13 Machi 1995

Mwalimu,

Barua yako nilisomewa siku ya pili ya Idi, nikaiweka chini ya mkeka mpaka hasira ipoe. Haijapoa, Tereza anaandika hivyo hivyo.

Unataka maneno. Wewe umelelewa wapi? Msichana mwenye heshima ana maneno gani katika jambo kama lile? Aseme ndiyo namtaka, kama anachagua kitenge? Alinyamaza. Nilimkuta amekaa kitandani anakunja nguo, nikamwambia mwanangu, baba anauliza, huyu unamtaka? Akanyamaza. Nikangoja kidogo. Akaendelea kunyamaza, anakunja ile ile nguo aliyokwisha kuikunja. Nikatoka nikasema, "Baba, ameridhika." Hilo ndilo jibu.

Kwetu hata mtoto mdogo anajua. Msichana akiulizwa akanyamaza, amekubali, ni haya tu inamzuia. Mimi mwenyewe niliulizwa hivyo, nilikuwa natwanga, matiti ndiyo kwanza yanatoka. Bibi yangu akaja kinuni, akanitajia jina la mtu, nikanyamaza. Nikaendelea kutwanga. Akatoka akasema karidhika, vigelegele vikapigwa, na mchi bado uko mkononi mwangu. Nikazaa saba. Nani kaniuliza maneno? Hakuna aliyetoka Dodoma na chaki kuja kuniuliza maneno.

Na kwa kuwa unapenda habari za ndoa, nikupe nyingine. Hamida amepata mtu. Anaitwa Uwesu, wa pale Kondoa mjini, ana lori na ana duka la mitumba, tangu biashara zifunguliwe huyu mtu hashikiki. Ana mke mmoja, na nyumba ya pili anaijenga, ya bati. Alimwona Hamida anashuka kwenye basi siku ya kuamkia Idi, mzigo begani, akauliza huyu wa nani. Kesho yake wazee wake wako kwetu. Baba yake Hamida, Msafiri mwanangu, ndiye aliyenituma. "Mama, ingia ukamuulize." Yeye kasimama mlangoni. Nikaingia. Hamida alikuwa anachagua mbaazi. Nikamuuliza, akanyamaza. Nikatoka nikasema. Mahari yanaletwa Ijumaa ya kwanza ya Aprili.

Kwa hiyo Jumatatu hakurudi, na usimngoje. Vitabu vya shule nitavituma na kondakta wa basi.

Na futa ubaoni hilo swali lenu.

Mwantum binti Bashiri
kwa mkono wa Tereza


Dodoma mjini,
27 Machi 1995

Bibi Mwantum,

Shikamoo. Naandika kwa heshima, na naandika nikiwa nimekasirika, nisikufiche.

Nilikuuliza habari za Wahindi. Sikujua kwamba ninauliza habari za mtoto wangu wa darasani. Hamida ana miaka kumi na saba na amebakiza mwaka mmoja na nusu amalize. Dawati lake liko tupu, na kila nikiingia wale wengine wananitazama kana kwamba ni mimi niliyemfunga mahali.

Ile sehemu ya kunyamaza niliwasomea. Wavulana wakacheka, wasichana hawakucheka. Rekha akainamisha kichwa. Kesho yake akaja kunitafuta ofisini, ametoka kumuuliza bibi yake mzaa mama. Yule bibi alimfahamu Mzee Jamnadas, na siku wageni walipokuja alikuwapo pale sebuleni. Nakuandikia alivyosema Rekha, bila kuongeza.

Katika nyumba zao wakati ule, binti aliyeridhika alisema, "Kama baba anavyoona." Akicheka pia ilikuwa sawa. Akinyamaza kabisa, amekataa, ila hataki baba aaibike mbele ya wageni. Hapo yule aliyetumwa hutoka akasema binti kichwa kinamuuma. Wageni wanaelewa, wanamaliza chai yao, wanaondoka, na hakuna aliyetukanwa. Bibi yake Rekha alisema, "Yaya alipotoka akasema ameridhika, tulitazamana. Baba yake Hansa akashika kichwa akamshukuru Mungu. Sasa nani angemwambia arudi akaulize tena?"

Sikuandikii haya kukuumiza. Nimeyaandika kwa sababu Ijumaa ya kwanza ya Aprili haijafika.

Evelina Kefa


Kolo,
8 Aprili 1995

Mwalimu Evelina,

Safari hii barua sikuituma posta. Soma mpaka mwisho.

Barua yako ilipofika nilimwambia Tereza anisomee mara mbili, na ya tatu. Kisha nikamwambia aichane. Akakataa. Nikamtukana, nikakutukana wewe, nikamtukana bibi yake huyo Rekha ambaye alikaa sebuleni anakunywa chai yangu niliyoipika, anajua, na amenyamaza miaka ishirini na minne. Yeye naye kunyamaza kwake ni kupi? Na Mzee Jamnadas naye. Unamtuma mtu wa Kolo akamuulize binti yako, hujamwambia kwenu kunyamaza ni nini. Nimepika kwenye nyumba ile miaka yote, nimefundishwa chumvi kiasi gani kwenye dengu, sufuria ipi haiguswi na nyama, viatu vinavuliwa wapi. Hilo moja hakuna aliyenifundisha. Na mimi sikuuliza. Nilijiona najua.

Jioni ile wageni walipoondoka niliingia kukusanya vikombe, Hansa akanifuata jikoni. Akasema, "Yaya, ulisema nini kule nje?" Nikamwambia, nimesema umeridhika. Akanitazama. Tereza, andika hivyo, akanitazama. Nikadhani ni furaha, maana msichana anapoolewa huwa ana uso ambao hujui uuite nini. Akasema, "Haya." Akatoka.

Siku ya kuondoka, akiwa garini, aliwapungia watu wote, mimi hakunipungia. Baadaye barua zake zikija kutoka Uingereza zilisomwa pale kwa baba yake, anamsalimu mlinzi, anamsalimu dobi, anaulizia paka. Mimi hakuna. Nikasema, ona, kafika Ulaya kaota pembe. Miaka ishirini na minne namwita mwenye majivuno, kila anayenisikiliza namwambia niliyembeba mgongoni hanikumbuki. Kumbe ananikumbuka sana.

Na yote haya nikakwambia uyaandike ubaoni. Kubwa. Na jina langu.

Jumatano nikamfuata Hamida kule jikoni. Msafiri alikuwa shamba. Nikamwambia, lile jambo nakuuliza tena. Akanyamaza. Nikamwambia hapana mama, leo kunyamaza sipokei, leo nataka maneno, hata yawe mabaya.

Akaweka ungo chini. Akasema, "Bibi, uliniuliza baba amesimama mlangoni."

Nikasema, ungenikonyeza.

Akasema, "Barua ya mwalimu niliileta mimi. Niliuliza mbele ya darasa zima yule dada alijibu nini. Nilidhani ukiisikia utajua nauliza la nani. Habari zilikuwa zinanijia tangu Januari kwamba baba ananitafutia mtu."

"Basi sema sasa."

"Simtaki Uwesu. Simtaki yeyote sasa hivi. Nataka kumaliza form four, na baada ya hapo nitakwambia mwenyewe, bibi, si kwa kunyamaza."

Yalikuwa maneno machache tu. Kuyasema hakuchukua hata muda wa sufuria kuchemka. Na mimi nimeishi miaka sabini na kitu sijapata kumngoja mtu ayaseme.

Jana Ijumaa wakaja. Wazee wanne, na Uwesu mwenyewe kabaki kwenye lori kule barabarani, kwa adabu. Wamekaa, Msafiri amevaa kanzu mpya. Akasema, "Mama, utuletee neno la mwisho." Nikaingia, sikukaa hata kidogo, nikatoka. Nikasema, "Binti kichwa kinamuuma."

Nilitaka kuwafanyia heshima ya Kihindi. Wakanitazama. Mmoja akasema, "Masikini, apewe Panadol." Mwingine akaanza kupekua mfuko wa koti. Nikasema hapana, kichwa kinamuuma. Msafiri akasema, "Mama, tumesikia, anywe dawa, tuendelee." Basi nikaona watu hawa heshima itawapita. Nikasema, "Hataki. Mwezi uliopita niliwaambia karidhika, nilisema uongo. Kanyamaza, mimi nikatia neno langu mdomoni mwake. Uongo ni wangu, si wake."

Weee. Msafiri akasimama. "Mama, unaniaibisha mbele za watu."

Nikamwambia, "Kaa chini. Aibu yako mimi ninaijua, nimeibeba tumboni. Babu yako, baba yangu, pia nilimwondolea aibu kwa kunyamaza, ndipo ukapatikana wewe. Leo nimechoka kuwaondolea aibu wanaume."

Mkubwa wao akauliza kama mtoto ana wazimu au ana mvulana. Nikasema ana kidato cha tatu. Wakanywa chai, hiyo sikuwanyima, nikafunga sukari yao na kanga walizokuwa wametanguliza, nikawawekea kwenye lori mwenyewe. Uwesu alikuwa na adabu kuliko wazee wake. Aliniuliza tu, "Bibi, kwa nini hukuniambia mwanzo?" Msafiri hajasema nami mpaka sasa. Chakula anakula, maana anakula nilichopika mimi.

Sasa mwalimu. Lile neno ubaoni usilifute. Liongezee. Andika, anaulizwa, na aliyetumwa kuuliza akae chini, amngojee, na mlangoni asisimame mtu. Waandikie wa Kihindi na wa Kirangi na hao wanaocheka nyuma ya darasa. Ukiweza lifute jina langu. Ukiona vyema, liache, watu wajue ni nani aliyekosea.

Na yule bibi yake Rekha, kama anajua Hansa yuko mji gani huko Uingereza, amwandikie. Salamu yangu asiipeleke, sina haki ya salamu. Amwambie tu kwamba yaya ameelewa kichwa kilikuwa kinamuuma.

Tereza kaacha kuandika anapangusa macho, namwambia amalize, basi linaondoka saa mbili.

Anayekukabidhi karatasi hii umemwona. Kabeba sanduku lake na mbaazi zako kidogo. Nampandisha basi mwenyewe, na kondakta namwambia mtoto huyu akishukia njiani popote, mimi na yeye. Kama una swali juu yake, au wasichana wako wanataka maneno, mimi usiniandikie tena.

Amesimama mbele yako. Muulize yeye.

Mwantum binti Bashiri
kwa mkono wa Tereza